Amana Imeiva

Bwana Mwenyekiti, naitwa Mwanakheri Shekalaghe,
mdai wa kumi na saba.
Kazi yangu machungwa, mwaka wa ishirini na mbili huu,
Muheza hadi Ngamiani, Barabara ya Kumi na Mbili.
Mmesema nieleze kwa kifupi.
Kwa kifupi: niliweka, nikaambiwa itaiva, imeiva, siipati.

Kuiva ni neno lenu, si langu.
Kijana wa dirishani, Hoza, ndiye aliyeliandika
kwa wino wa bluu kwenye hati yangu:
Amana itaiva tarehe kumi na nne Machi.
Nikacheka. Nikamwambia, mwanangu,
umemwandikia kuiva mtu anayekujua.

Nalijua chungwa lililoiva lingali kijani,
kwa uzito wake kiganjani,
kwa ngozi inavyolegea karibu na kikonyo.
Nalijua lililovundikwa likasingizia rangi.
Na kilichoiva hakingoji mwenye shamba amalize mazungumzo:
leo hakikuchumwa,
kesho kina nzi.

Machi ile ya mwaka jana nilivaa gauni la Idi,
nikapanda baiskeli, kapu tupu nyuma.
Milioni nne na laki sita, mbali ya faida.
Bati za nyumba ya mama, zote, na misumari yake.
Hoza hakuinua macho.
Njoo Alhamisi.

Alhamisi, mtandao.
Alhamisi ya pili, mhasibu yuko semina Dodoma.
Ya tatu tulikuta kiti kipya ofisini, cha ngozi, cha kuzunguka,
kikazunguka kikatupa mgongo.
Ramadhani ikaingia, tukaambiwa tusidaiane, mwezi wa subira.
Subira huvuta heri, Bwana Mwenyekiti.
Sijaiona ikivuta bati.

Pale kwenye benchi la nje tumejuana.
Mzee Mhilu wa kiwanda cha katani,
kiinua mgongo chake chote kimo humu ndani,
na mgongo wenyewe ndio ule, mnauona.
Bi Mwanamvua wa vitumbua waliitwa naye faragha,
wakampa soda, wakampa kalamu:
tuipande tena, mama, miezi kumi na miwili tu.
Akatoka na chupa tupu mkononi
akaniuliza, "Hivi nimelipwa?"

Bwana Semkiwa anasema fedha zipo, zipo kwa wakopaji.
Vyema. Orodha ya wakopaji mliibandika wenyewe, nimeisoma,
kidole juu ya kila jina.
La tano ni la Semkiwa.
La tisa ni la mkewe.
La kumi na moja
(ngojeni ninywe maji)
la kumi na moja ni la Athumani Shekalaghe, mkopo wa pikipiki,
tumbo moja mimi na yeye.
Alikuja kunipakia machungwa kwa pikipiki hiyo hiyo,
na nauli nikamlipa.
Huyo niachieni mimi. Nyumbani kuna kamati yake.
Lakini la tano na la tisa ni lenu.

Sasa mnaniuliza kama naridhia awamu,
laki moja kila mwezi, hali ikiruhusu.
Nimezoea kuhesabu kwa matenga, hesabu hainipigi chenga:
miezi arobaini na sita.
Mama yangu ana miaka themanini na moja.
Na hiyo hali, nani humwomba ruhusa?

Sikatai. Wala sijatia dole gumba,
jina langu najua kuliandika.
Leteni karatasi, lakini kwanza futeni "Alhamisi".
Alhamisi hazina mwaka.
Andikeni tarehe, mwezi, na jina la atakayekuwa dirishani,
na faida ya siku zote hizi nilizokaa bencini,
maana nazo zimeiva.

Mvua imeanza Jumatatu.
Mama amesogeza kitanda mpaka mlangoni,
na sufuria ameziacha kule kilipokuwa.